Wale Niliowaandika Kuwa Hai

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Likizo iliyopita alikuja kijijini kwangu Kwai kunisalimia, simu mkononi, anacheka mpaka jino la mwisho. Alikuwa ameniona mtandaoni. "Mjomba, kumbe wewe ni msomi na umenyamaza! Jina lako limo kwenye jarida la Ulaya!" Akanionyesha. Chini kabisa ya makala, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, waandishi wanamshukuru Zakaria kwa kuwafuatilia wagonjwa kwa bidii na uaminifu. Akataka tupige picha, mimi na ile simu, awarushie wenzake wa chuoni. Nilimwambia aizime. Nilisema kwa ukali mpaka akarudi nyuma hatua moja, maskini, hakujua amenigusa kidonda.

Basi naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mnaoingia kwenye kazi za utafiti na vishikwambi vyenu na beji shingoni. Mkitaka kusoma habari za mzee aliyefanya kazi vizuri na kupewa saa ya ukutani siku ya kuagwa, tafuteni mwingine. Saa nilipewa kweli, lakini haipo ukutani.

Mimi si daktari, na anayeniita daktari hapa kijijini namkatalia, ingawa hawasikii. Niliajiriwa kwenye hospitali kubwa ya mjini, ambayo sitaitaja, nikiwa mbeba mafaili wa idara ya tiba ya mionzi. Kilichonipandisha ni Kishambaa. Wagonjwa kutoka milima yetu walikuwa wanafika na kikohozi cha mwaka mzima, Kiswahili kikiwakauka mdomoni kwa hofu, na mimi ndiye niliyekuwa nawasemesha. Wengi walikuwa wamekwisha kumeza dawa za kifua kikuu miezi na miezi, kohozi likipimwa halionyeshi kitu, na bado wanaambiwa wamalize dozi. Akina mama ambao hawajagusa sigara maishani walikuja na saratani ya mapafu, na ukiwauliza wanapikia wapi, wanakuambia ndani, kwa kuni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Daktari alikuwa anaandika hayo yote. Mimi nilikuwa nakumbuka jiko la mama yangu na kunyamaza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Mwanaidi, fundi mkuu wa mashine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Ili mionzi ipige uvimbe na siyo moyo, mgonjwa huchorwa alama kifuani kwa kalamu, na kila siku analazwa vilevile, mikono juu ya kichwa, taa za mashine zikigusa alama zilezile. Juma langu la pili nilikabidhiwa mzee mmoja wa Mlalo baada ya kuchorwa, nimpe maelekezo. Nikampa yote, saa ya kuja, mlango wa kupita, wapi pa kukaa. Kesho yake akaja ananukia sabuni. Alikuwa amejisugua kifua kwa jiwe mpaka kikawa chekundu, hakuna alama hata moja. "Nimeoga, baba," akaniambia kwa fahari. "Siwezi kwenda mbele ya mashine ya serikali na uchafu wa wino."

Bi Mwanaidi alinitazama mimi, siyo mzee. "Wee Zakaria. Sasa nilenge wapi? Kwenye kitovu?" Watu walicheka. Mzee akachorwa upya, siku nzima ikapotea, na mimi nikaamriwa nikae naye kwenye benchi muda wote huo. Tulipofunga chumba Bi Mwanaidi akaniambia neno ambalo ningelishika, leo nisingekuwa naandika haya. Alisema, "Mgonjwa hakukosea. Amefanya anavyofanya mtu mwenye adabu. Wewe ndiye uliyetakiwa kujua watu wako."

Watu wangu. Ndicho nilichoajiriwa kujua.

Sasa mje kwa Daktari Tumaini, maana makala ni yake. Alikuwa kijana kuliko mimi, mtafiti, mkali kwenye tarakimu na mpole kwa wagonjwa, na msije mkadhani namsema vibaya. Tatizo lake lilikuwa la kweli. Tiba ya kawaida ya mionzi kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake haujasambaa ilichukua wiki nyingi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kipimo kidogo kila siku. Wa mjini waliweza. Wa milimani walianza vizuri, kisha wiki ya tatu mtu anatoweka. Mahindi yamekomaa, nguruwe wa porini wanamaliza shamba, mke amejifungua. Nusu tiba si tiba. Daktari akajiuliza, je, wale wa mbali wakipewa siku chache tu, kipimo cha kila siku kikiwa kikubwa zaidi, wataishi sawasawa na wenzao wa wiki nyingi? Likawa wazo la huruma. Wa karibu wapewe ndefu, wa mbali wapewe fupi, wote wafuatiliwe, tuone.

Kufuatilia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wa mjini walikuwa wanarudi kliniki wenyewe, na asiyerudi, jirani yake anakuja kusema. Wa mbali nilikuwa nawafuata. Napanda basi mpaka Mombo, napanda gari la kupandisha mlima hadi Soni au Lushoto, halafu miguu. Nafika, napewa kiti, tunaulizana habari za mashamba na za wagonjwa wengine, chai inakuja, na katikati ya chai nakuwa nimekwisha jua kila kitu bila kufungua fomu. Miaka ile sikukosea hata jina moja.

Halafu mradi ukaona safari zinachelewesha. Nikapewa simu, meza, na orodha. Nilifurahi, nisiwadanganye. Magoti yalikuwa yameanza kulalamika, na kuna raha ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Napiga, naamkia, nauliza, naweka alama kwenye kisanduku. Kabla ya saa sita nimemaliza wilaya nzima.

Mama Sabina alikuwa mgonjwa wa milima ya juu ya Bumbuli, mpole, alipenda kuimba nyimbo za kwaya akiwa amelala kwenye kitanda cha mashine mpaka Bi Mwanaidi anamwambia kifua kisitikisike. Alipewa tiba fupi, akarudi kwake. Nilimpigia mara tatu katika mwaka mmoja na nusu, na mara zote aliyepokea ni mumewe, Mzee Danieli.

"Shikamoo, mzee. Habari za hapo?"

"Marahaba. Tiwedi, baba, hatujambo."

"Na mgonjwa wetu?"

"Yupo. Anaendelea. Ila ungefika."

"Nitafika, mzee, kazi zimebana." Nikaandika: hai.

Ninyi mliozaliwa huku mmeshaelewa, na mimi nilizaliwa huku. Kwetu kifo hakisemwi hewani kwa mtu aliye mbali, ambaye hujui amekaa au amesimama, yuko na nani. Kifo huletwa na mtu mpaka mlangoni, anakaribishwa, anakaa, ndipo anasema. Ukiwa mbali unaambiwa mgonjwa anaendelea, ungefika. Ukisikia hivyo unafunga safari. Baba yangu alipokufa mimi niliambiwa vilevile, nikapanda gari siku hiyohiyo bila kuuliza swali la pili. Nilijua hilo kwa mwili wangu. Nilipokaa kwenye kiti kinachozunguka nikalisahau, kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku cha "ungefika".

Makala ikatoka. Ikasema kwa wagonjwa wa aina ile tiba fupi haipungukiwi na ndefu, wanaishi sawa. Kukawa na keki na soda ofisini. Daktari Tumaini alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema bila Mzee Zakaria kazi hii isingekuwepo.

Mwezi uliofuata nikachukua likizo, nikaenda Bumbuli kumwona Mama Sabina. Nilibeba sukari na kanga, kwa sababu nilikuwa namdai wimbo. Nimekunja kona ya mwisho, nikaona pembeni ya nyumba kaburi limezungushiwa masale, na masale yenyewe yamekwisha shika mizizi na kurefuka. Mmea hauongopi. Lile lilikuwa kaburi la zaidi ya mwaka.

Mzee Danieli alinipokea, akanipa kiti, akasubiri nikae. Ndipo akasema, "Mama Sabina alituacha, baba. Hakumaliza hata miezi mitano tangu atoke huko kwenu."

"Mzee, mbona nilipiga simu? Ulisema anaendelea."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuona kama ninamtania. "Nilikuambia ufike. Mara tatu nimekuambia ufike. Ningekuambiaje kwenye simu? Wewe si mtoto wa huku?"

Sukari nilimwachia. Kanga niliona aibu hata kuitoa kwenye mfuko.

Likizo iliyobaki nilitembea. Kila nyumba niliyokuwa nimeambiwa "ungefika" nilifika, na katika nyumba tano zaidi nilikuta kaburi. Wa mjini waliokufa walikuwa wamehesabiwa wote, kwa sababu habari zao zilikuja zenyewe. Wa mlimani waliokufa nilikuwa nimewaweka hai kwa kalamu yangu. Wa mlimani ndio waliopewa tiba fupi. Haihitaji elimu ya chuo kikuu kujua tiba ipi ilionekana nzuri, na kwa nini.

Hapa ndipo mngetarajia niseme nilirudi mjini nikakimbilia ofisini kwa Daktari. Nilirudi mjini nikafungua mlango wa ofisi yangu, nikakaa, nikapanga kalamu. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu. Nilijiambia wagonjwa wenyewe ni wa saratani ya mapafu, wengi wangekufa tu. Nilijiambia makala imekwisha toka, maji yamekwisha mwagika. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, Daktari akirudi safari. Akarudi, akasafiri tena, akarudi tena. Mtu akiamua kunyamaza hakosi sababu, na mimi nilizikusanya kama kuni za masika.

Kliniki haikusimama. Kila Jumanne Daktari alipanga wagonjwa, na sasa alikuwa anawapanga kwa kujiamini, maana alikuwa na ushahidi. Wa mbali, fupi. Mmoja wao alikuwa Bi Salima wa upande wa Muheza, mwanamke mwenye nguvu zake, uvimbe wake ukiwa bado mdogo, aliyekuja na vifurushi vya iliki kwa ajili ya chai yetu na kuigombeza mashine ikichelewa kuwaka. Mimi ndiye niliyemwandikia tarehe. Aliuliza, "Baba Zakaria, hizi siku chache zinatosha kweli? Nina mtoto mmoja tu, hajaolewa."

Nikamwambia zinatosha. Nilikuwa nimeyaona makaburi sita, na nikamwambia zinatosha.

Miezi mitatu baada ya likizo yangu akaletwa mdogo wangu Petro. Tumbo moja, titi moja. Alikuwa amekohoa msimu mzima wa karoti akisema ni vumbi la mbolea. Picha ikaonyesha uvimbe pafu la kulia, haujasambaa. Daktari Tumaini alifurahi kwa niaba yangu, kama mtu anayekuletea zawadi.

"Mzee Zakaria, huyu ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu, Daktari."

"Basi tumempata mapema. Tutampa ile ya siku chache, arudi akalime. Wewe mwenyewe ni shahidi, umewafuatilia, unajua wanavyoishi."

"Daktari, usimpe hiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wamekufa."

Aliweka kalamu chini. Petro alikuwa hapo hapo, anatutazama mmoja mmoja. Nikasema yote, majina sita, na simu, na kisanduku. Daktari hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimwandikia Petro tiba ndefu, akamwomba atusubiri nje, kisha akavuta rejista na kusema, "Nisomee wote niliowapangia fupi tangu uliporudi likizo." Nikamsomea. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa hiyo sikukwama popote. Wawili walikuwa hawajaanza, akawabadilishia. Wengine walikwisha maliza, na mwili uliokwisha pokea kipimo kikubwa kama kile huwezi kurudi ukauongezea kirahisi. Nilipofika kwa Bi Salima, Daktari alifumba macho.

"Angepewa ndefu angepona?" nikamuuliza, au labda ni yeye aliyeuliza, sikumbuki tena. Jibu ndilo nalikumbuka. Alisema, "Hatujui. Nilidhani tunajua, ndiyo maana niliandika. Sasa hatujui."

Aliandika masahihisho. Msimwonee, aliyatuma mwezi uleule, na hakunitaja. Aliandika kwamba kulikuwa na kasoro katika ufuatiliaji wa wagonjwa wa mbali, kwa hiyo hitimisho lisitegemewe. Yalichapishwa, aya moja, kwenye ukurasa usiosomwa na mtu. Makala ya kwanza bado inatajwa. Mpwa wangu aliifungua mtandaoni kwa sababu mwalimu wao wa chuo aliwaagiza waisome, na masahihisho hakuwahi kuyasikia mpaka nilipomwambia mimi. Daktari Tumaini aliacha utafiti, akabaki kutibu tu. Na mimi nilistaafu kwa heshima zote, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Hilo linaniuma kuliko kama ningefukuzwa.

Mnataka mafundisho, maana mzee asiyetoa mafundisho anaonekana amepoteza muda wenu. Haya. Usiulize nyumba ya mgonjwa kwa simu kama ni mzima. Muulize mwenyekiti wa kitongoji, au mwinjilisti, au imamu, mtu ambaye kusema kifo ni sehemu ya kazi yake. Ukiambiwa ungefika, fika, au andika hujui. Andika hujui kwa herufi kubwa na usimwogope bosi. Wanaotengeneza fomu hawajawahi kuketi kwenye jiko la kuni, kwa hiyo visanduku vyao ni vya kwao. Na siku utakapogundua umekosea, sema siku hiyohiyo kabla hujala. Ukishakula mara moja na kosa tumboni, utaona linakaa vizuri tu, na utakula tena.

Lakini sitaki mfikiri niliokolewa na dhamiri. Nilisema kwa sababu aliyekuwa kwenye kiti alikuwa Petro. Angekuwa mtu wa Korogwe ningeandika tarehe. Petro alimaliza wiki zake zote, nikimlaza kwangu, nikimpeleka na kumrudisha. Yuko hai mpaka leo. Anapumua kwa shida akipanda, lakini analima, shamba lake liko chini ya langu, na kila asubuhi ananiamkia kwa sauti kutoka kwenye tuta. Nampenda ndugu yangu. Kuna asubuhi naingia ndani nisimwone.

Baada ya kustaafu nilienda Muheza. Daktari alikuwa amenikataza, alisema familia zitaandikiwa barua rasmi, lakini mimi sikutaka tena kuwa mtu wa mbali. Niliuliza sokoni, wakanielekeza. Bi Salima alikuwa amefariki. Nilimkuta binti yake, Zaina, anaanika mdalasini kwenye jamvi. Akanawa mikono, akaniamkia kwa kupiga goti kidogo, akanitolea kiti, akaenda kuleta maji. Nilimsubiri akae. Kisha nikamweleza, kwa maneno mepesi, kwamba tiba aliyopewa mama yake ilichaguliwa kwa kufuata makala yenye makosa, na kwamba makosa yalikuwa yangu.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Akauliza, "Babu, wewe ulijua lini kwamba ni makosa?"

Ningeweza kusema baadaye. Hakuna mtu duniani angenipinga.

"Kabla mama yako hajaanza," nikamwambia. "Aliniuliza kama zinatosha. Nikamwambia zinatosha."

Akageuza magome mawili matatu ya mdalasini juani. Kisha akainuka, akachukua mfuko wangu, akanisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu alilelewa vizuri. Pikipiki iliposimama akanikabidhi mfuko wangu kwa mikono miwili.

"Asante kwa kufika, babu," akasema. "Usirudi tena hapa."